Betri Isiyoguswa ya Bibi Tomie

Alhamisi jioni, ukiingia mtaa wa nyuma ya soko la samaki mjini Susaki, Japani, huna haja ya kuuliza nyumba ya Bibi Tomie ni ipi. Wewe fuata kelele tu. Ndani kuna watu wanane, siku nyingine kumi na wawili, wamezunguka meza fupi wanacheza karata za maua. Kuna jodari aliyebabuliwa kwa moto wa mabua ya mpunga. Kuna figili za chumvi. Kuna sake, pombe ya mchele. Na habari za mtaa zipo tele: nani kauza shamba la tangawizi, nani kaposwa, nani kajifanya hakusikia kengele ya mlango.

Tomie alikuwa na miaka sabini na miwili. Mumewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita.

"Siku sita naongea na televisheni," alikuwa akisema. "Alhamisi naongea na watu."

Juu ya paa lake kulikuwa na sola za siku nyingi. Mwaka uliopita mwanawe Kensaku, anayeishi Osaka, alimfungia na betri. Ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, nayo ilisimama nje, kwenye kivuli cha ukuta. Kensaku aliahidi kwamba bili ya umeme itashuka. Haikushuka. Mwezi wa nane ulipoingia na joto lake, bili ilizidi kupanda.

Alhamisi moja Tomie aliweka karata zake mezani.

"Jamani, nina neno. Wiki ijayo ndiyo ya mwisho. Tunaacha."

Wengine nao waliweka karata chini.

"Unatufukuza?" aliuliza Mzee Kuze, fundi mashua mstaafu.

"Sikufukuzi mimi, Kuze. Umeme ndio unakufukuza. Wewe peke yako unakula kiyoyozi cha watu watatu."

Watu walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Basi kizime," alisema Kuze. "Tutajipepea."

"Mwaka juzi ulisema hivyohivyo, ukabebwa na gari la wagonjwa. Joto hili si la kufanyia ushujaa. Bora kila mtu akae kwake."

Pembeni ya meza alikuwepo Fumika, fundi umeme. Miaka ya nyuma mtaa ulimsengenya sana kwa kuacha kazi ya benki na kwenda kupanda mapaa ya watu. Siku hizi waliomsengenya ndio waliompigia simu taa zikigoma.

"Bibi Tomie," alisema Fumika, "ile betri inafanya nini?"

"Imejaa," alijibu Tomie kwa fahari.

"Imejaa tangu lini?"

"Tangu siku ilipofungwa! Haijapungua hata chembe. Mimi si mtu wa kuchezea vitu."

Fumika aliweka kikombe chini.

"Kesho saa sita mchana nitapita. Niwekee chai ya baridi."

Kesho yake alikuja kweli. Alimpeleka Tomie mpaka kwenye kisanduku chenye kioo, kwenye ukuta wa ujia wa ndani. Kwenye kioo palichorwa paa, betri, nyumba na nguzo ya umeme.

"Soma hapa kwenye betri."

"Asilimia mia moja. Si nilikwambia?"

"Na mshale huu mnene, unaotoka kwenye paa?"

Tomie alivaa miwani. "Unakwenda kwenye nguzo."

"Huo ni umeme wako, bibi. Jua linawaka, betri haina nafasi, kwa hiyo umeme unatoka nje. Zamani kampuni iliununua kwa bei nzuri. Mkataba ule uliisha baada ya miaka kumi. Sasa wanakupa kidogo mno. Halafu jua likizama, unanunua umeme wao kwa bei kubwa, na betri yako imekaa inakutazama."

"Yaani nauza rahisi, nanunua ghali?"

"Kila siku. Fikiria pipa la maji ya mvua. Limejaa pomoni, mvua inanyesha, maji yanamwagika. Wewe hapo ndani unanunua maji ya chupa ili pipa lisipungue."

Tomie alikaa kwenye ngazi.

"Fumika, unakumbuka kile kimbunga? Siku tatu bila umeme. Mume wangu yuko kitandani, hawezi kugeuka. Nilimpepea kwa ubao wa kukatia mboga, siku tatu. Betri ilipokuja nilisema, hii haiguswi. Hii ni ya siku ile."

Fumika alikaa karibu yake.

"Bibi, sikwambii uimalize. Kensaku aliiweka kwenye hali ya dharura ulivyotaka, nayo imebaki hivyo. Tunabadilisha. Tunaiambia betri: asilimia arobaini usiguse kamwe. Hiyo inatosha friji, taa na feni usiku kucha. Iliyobaki itumie jioni. Kesho jua litaijaza tena."

"Na kimbunga kikija?"

"Kimbunga hakiji kama mwizi. Kinatangazwa siku mbili kabla. Ukisikia tangazo, unabonyeza hapa. Betri inajaa yote na kusubiri. Kikipita, unarudisha. Haya, bonyeza mwenyewe."

Tomie alibonyeza kwa kidole kimoja, polepole, kama anayegusa mtoto aliyelala.

"Sasa niambie," alisema Fumika, "unafua saa ngapi?"

"Saa tano usiku."

"Na maji ya kuoga? Tangi linachemsha saa ngapi?"

"Saa tisa usiku. Umeme wa usiku ni rahisi! Tangu tulipojenga nyumba hii. Mtaa mzima tunafua usiku, hata wewe unajua."

"Najua. Kwa nyumba isiyo na sola bado inaweza kuwa sawa. Lakini wewe umeme wako wa mchana uko juu ya kichwa chako. Fua saa nne asubuhi. Pika wali saa sita. Tangi nalo tuliwekee saa saba mchana. Sasa hivi unachemsha maji alfajiri, yanapoa siku nzima, ndipo unaoga jioni."

"Siku ya mvua je?"

"Siku ya mvua usifue. Kwani ulikuwa unaanika wapi?"

Tomie alicheka mpaka akashika ubavu.

Jumatatu mtaa mzima ulikuwa na habari: mashine ya Bibi Tomie inanguruma mchana! Wengine walidhani anaumwa. Mmoja alileta supu.

Alhamisi iliyofuata watu walikuja na nyuso za kuagana. Tomie aliwakuta wananong'ona mlangoni.

"Mnanong'ona nini? Ingieni. Bado najaribu jambo. Tukishindwa, tutaagana mwezi ujao."

Kiyoyozi kiliwaka. Jua lilipozama, Tomie aliinuka mara nne kwenda kutazama kioo. Asilimia themanini. Sabini na mbili. Mshale ulitoka kwenye betri kuja ndani. Kwenye nguzo hapakuwa na mshale wowote. Asubuhi alikuta arobaini na tano. Kufika saa saba mchana, betri ilikuwa imejaa.

Bili ya mwezi ule ilipofika, aliisoma mara mbili, kisha akampigia Kensaku.

"Imeshuka sana, mama. Umeacha karata?"

"Nimeacha kufua usiku. Karata ziko palepale."

Mwisho wa mwezi wa tisa kimbunga kilitangazwa. Tomie alibonyeza mwenyewe, bila kumpigia mtu simu. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Watu walikuja asubuhi, upepo haujaanza, wakafunga mbao za madirisha na kuwasha taa. Walikubaliana kutotoka mpaka kipite.

Mchana upepo ulilia, mvua ikapiga mbao kama mawe. Taa ilipepesa mara moja. Hakuna aliyejali, kwa sababu Mzee Kuze alikuwa anashinda, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Saa kumi simu ya Kuze iliita. Alikuwa mkewe, aliyebaki kwa dada yake mtaa wa pili.

"Hamjambo huko gizani?" aliuliza.

"Gizani wapi?"

"Wewe mzee, umeme umekatika mji mzima tangu saa tisa!"

Kuze alitazama taa. Wote walitazama taa. Fumika alikwenda kwenye kioo na kurudi akitabasamu.

"Ni kweli. Tuko kwenye betri saa nzima sasa. Imebaki asilimia tisini na moja."

Tomie aliinuka, akazima kiyoyozi cha chumba cha pili na kuchomoa birika la umeme, kama Fumika alivyomfundisha. Friji aliiacha. Feni ya sebuleni aliigeuza iwaelekee wageni.

Akarudi, akakaa, akaokota karata zake.

"Haya," alisema, "zamu ya nani?"