Shikamoo ya Chunguni

Maji ya chunguni yalikuwa baridi kuliko maji yanavyoruhusiwa kuwa Ifakara mwezi wa Novemba. Faustin alitumbukiza kipimajoto, akakitoa, akakikung'uta, akakitumbukiza tena. Nje jua lilikuwa linapasua mabati ya Kibaoni, mbwa wamelala mitaroni, hata nzi walikuwa wameahirisha shughuli zao. Ndani ya chungu zebaki ilishuka kama iliyopewa habari ya msiba.

"Heri," alijisemea, kwa sababu baridi ndiyo aliyokuwa akiihangaikia.

Mnyama aliyekuwa humo hakuwa wake. Alikuwa wa daktari wa Kizungu aliyetafiti mbu, ambaye alikwenda likizo kwao na kumwachia Faustin, mhudumu wake wa maabara. Mnyama alikuwa na urefu wa kiganja, rangi ya waridi iliyopauka kama kidole kilichokaa majini kutwa, miguu minne yenye vidole vya kitoto, na shingoni matawi mekundu ya kupumulia. "Huyu hakui," daktari alimwambia. "Atazeeka na umbo hili hili la utotoni." Kisha akaongeza masharti: maji baridi, kivuli, kifuniko, na changarawe kamwe, maana humeza kila kinachoingia mdomoni.

Bwana Nikodemu, ofisa utawala, alitaka kwanza kujua mnyama yuko chini ya idara gani. Watu wa Samaki walisema ana miguu, apelekwe Wanyamapori. Wanyamapori walisema anaishi majini, arudishwe Samaki. Ikaundwa kamati. Kamati ilikaa, ikanywa soda, ikaazimia kwamba mnyama apatiwe makazi salama. Usalama wenyewe ukoje, hilo iliona ni suala la utekelezaji.

Mtekelezaji akabaki peke yake. Tangi la kioo lilichemka kabla ya adhuhuri, mnyama akakunja mkia kama anayesali. Jaba la plastiki lilinuka dawa ya mbu. Beseni la bati lilikuwa kikaango. Karo la saruji lilikuwa bichi bado, lingemchubua ngozi. Ndipo Faustin, akirudi kutoka kumsalimia shemeji yake huko Lupiro, alipoteremka kwenye pantoni na kukiona kando ya mto chungu kikubwa cha kupikia pombe, mdomo mpana kama karai. Kilikuwa kimelazwa kifudifudi, mdomo umezama kwenye tope, na majani yamekizunguka bila kukigusa.

Aliwauliza wavuvi. Walitazama maji.

"Hakina mwenyewe," mmoja alisema.

"Kiache kilivyolala," alisema mwingine.

Faustin alimsikia yule wa kwanza. Bwana Nikodemu naye alifurahi sana, kwa kuwa kitu kisicho na mwenyewe hakihitaji saini ya mtu.

Basi chungu kikawekwa nyumbani kwa Faustin, katika chumba cha uani, juu ya mchanga mbichi, dirisha limezibwa kwa mkeka na mdomo umefunikwa kwa ungo. Mnyama alitulia. Matawi yake yalichanua. Faustin alikuwa ameinama kumtilia minyoo, jua likiwa utosini, aliposikia nyuma yake, au chini yake, sauti ya mtoto.

"Shikamoo."

Alilelewa Mahenge, ambako kumnyima mtoto jibu ni sawa na kumpiga kofi. Hakugeuka hata kutazama.

"Marahaba, mwanangu."

Hapo ndipo alipomsikia Eveline, binti yake wa pekee, akicheka uani kwa jirani. Na kabla hajajua aogope nini, vidole vidogo vya baridi, vinne mguu huu na vinne mguu ule, vilimshika juu ya nyayo, kwa adabu kabisa, kisha vikaachia. Sakafu ilikuwa kavu. Miguu yake ilikuwa imelowa.

Hakumwambia mkewe, Balbina. Angeanzia wapi? Kila jua lilipofika utosini sauti ilirudi, naye alinyamaza, lakini sauti haikuwa inasubiri jibu tena. Iliamkia kama mtu wa humo humo ndani, kwa mazoea. Ikaja harufu: tope la chini ya mto, utelezi wa kambale, na katikati yake harufu ya maziwa, ile ya mdomo wa mtoto anayenyonya. Jioni moja Balbina alipakua ubwabwa, sahani tatu kama siku zote, na Faustin akamwona Eveline amekaa kizingitini, mikono mitupu mapajani, halii, haombi.

"Mama Eveline," alinong'ona, "mtoto mbona hajala?"

"Si nimeshampa?"

"Umempa nani?"

Balbina alikunja uso kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akatazama kule uani. Faustin alikwenda. Sahani ya tatu ilikuwa sakafuni kando ya chungu, imelambwa ikang'aa, na ukingo wake ulikuwa na ute.

Alitoka akitaka kumwita binti yake, na jina halikuja. Alisimama mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe akilitafuta, huku mtoto akimtazama na kufungua mdomo na kuufunga, kuufungua na kuufunga, kama samaki aliyetupwa ukingoni, mpaka jina lilipochomoza kutoka mbali na akalishika kwa meno.

Kulipokucha alikwenda kwa Bi Siwema, mama wa Kilwa aliyeuza vitumbua stendi, na ambaye watu walimwendea baada ya hospitali kuwaambia haioni kitu.

"Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba. Uso huo si wa vitumbua. Kaa."

Alimweleza yote. Mama yule alisikiliza huku akigeuza vitumbua vyake.

"Alipokuamkia ukaitika?"

"Nikaitika."

"Marahaba nzima? Hukuikatiza njiani?"

"Nzima. Na 'mwanangu' juu yake."

"Basi hongera, baba. Umepata mtoto."

"Mama, usinitanie."

"Akutanie nani? Wenzio pale mtoni wameamkiwa miaka wakajifanya viziwi, wakakifunika chungu. Jini mdogo hana pa kuingia mpaka mkubwa ampokee. Wewe umempokea. Na nyumba yako ina nafasi ya mtoto mmoja. Huyo wa kwako atampisha."

"Nakivunja leo hii!"

"Ukivunje. Akikosa nyumba yake atahamia kwako moja kwa moja." Aliopoa kitumbua. Sauti yake ikashuka. "Shikamoo ni nini, Faustin? Si nashika miguu yako? Basi kaishike ya kwake. Baba hamwamkii mwanawe. Ukimwamkia tu, ubaba umevunjika papo hapo, na mtoto wako anarudi mahali pake."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Ila ujue, tangu hapo yeye ndiye mkubwa wako."

"Na mkubwa anataka nini?"

Bi Siwema alianza kumhudumia mteja mwingine.

Faustin alifika nyumbani jua likipanda. Balbina alikuwa anachambua mchele barazani.

"Baba," alisema polepole, "huyu aliyelala mlangoni ni mtoto wa nani?"

Faustin alimruka Eveline, ngozi yake imepauka na nywele zimelowa, akaingia chumba cha uani, akafunga mlango. Aliondoa ungo. Mnyama alielea akiwa mnene na mwenye afya. Kwa kweli hakuwahi kuonekana vizuri hivyo. Faustin alipiga magoti, akazamisha mkono hadi kiwiko, akampita mnyama, akazamisha hadi kwapa, shavu limegusa maji, na ingawa chungu kile kilimfika gotini tu, mkono haukugusa kitako chake, uliendelea kushuka katika baridi iliyokuwa ikizidi na giza alilolihisi kwa vidole, na alipotaka kuurudisha akamkumbuka yule aliyelala mlangoni, akajinyoosha zaidi, hadi vidole vyake vikagusa mguu, si ule mdogo wa vidole vinne, bali mguu wenye kisigino, mpana, mgumu, wa mtu aliyetembea sana, na kando yake mwenzake, yote imesimama imara kama inayosubiri kuamkiwa.

Aliishika yote miwili, kwa kupokezana.

"Shi... shikamoo."

Papo hapo, nje, kilio kikali cha mtoto mwenye njaa: "Mamaaa! Nataka kula!"

"Jamani, Eveline wangu!" Balbina alipiga kelele, na mchele ukasikika ukimwagika. "Umekonda hivi tangu lini? Njoo, njoo kwa mama!"

Machozi yalimtoka Faustin yakadondokea majini. Mkono wake ulichomoka kwa wepesi, mzima. Akarudisha ungo mahali pake, akaenda zake barazani akiyumba, akamkuta binti yake amejaza mashavu viporo, ana joto, ana jina. Alimpakata. Alihesabu vidole vyake, vitano na vitano, akacheka kama mwendawazimu.

"Una nini, baba?" mkewe aliuliza, akicheka naye bila kujua.

Kutoka chumba cha uani ilikuja sauti. Haikuwa ya mtoto. Ilikuwa nzito, yenye kikohozi, ya mtu aliyekalia kigoda.

"Marahaba."

Kicheko cha Balbina kilikatika. "Nani huyo?"

"Faustin," sauti iliendelea, taratibu, kama wazee wanavyowaita vijana wao. "Njoo nikutume. Njoo na huyo mwanao."

Faustin alijiziba mdomo kwa kiganja. Aliapa moyoni hatajibu, hata akiitwa mpaka masika. Lakini aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Naam," na alipotazama chini, Eveline akiwa bado mikononi mwake, miguu yake ilikuwa imeshatangulia.