Kiganja Changu Kwenye Madigadi ya Silva

Mimi ni bibi wa wajukuu wengi, umri wangu unaikaribia sabini, naishi Ipyana, wilayani Kyela. Shule niliishia madarasa ya chini, kwa hiyo nikikosea kuandika mtanisamehe. Lakini macho ninayo. Macho haya ndiyo yaliyoniletea haya ninayowasimulia... na mpaka leo sijui niyashukuru au niyalaani.

Nilikuwa na mwana wa kujivunia. Gwakisa, kitinda mimba wangu, ni fundi rangi wa magari Kyela mjini. Nasema bila haya, kutoka Tukuyu mpaka mpakani hapakuwa na mkono kama wake! Mimi nilikuwa nawapikia mafundi wa gereji yao wali na samaki. Nikimaliza kupakua, nageuza ndoo nakalia, namtazama mwanangu akifanya kazi.

Alipenda kunieleza. Aliniambia rangi ya silva ina chembechembe za bati zinazometameta, kwa hiyo haifichi uzembe. Chini yake inataka andakoti ya kijivu. Ukiweka nyekundu, ile ya mageti na matrela, itachungulia tu. Na silva huikati pale bodi moja inapokutana na nyingine. Unaivusha mpaka kwenye bodi ya jirani, unaipunguza kidogo kidogo mpaka ipotee, mtu asijue mpya inaishia wapi.

"Mama, ukitaka kujua kama gari limerudiwa rangi, usilitazame usoni," aliniambia. "Litazame kwa ubavuni, jua likiwa chini. Silva usoni inadanganya."

Nilicheka sana. Nikamwambia hata wanaume wako hivyo hivyo.

Sikujua kwamba siku moja nitalia kwa somo lile!

Mume wangu alikuwa na shamba la mpunga Ngonga. Alikwenda na kurudi kwa baiskeli, na baiskeli ile kila mtu aliijua. Gwakisa alikuwa ameipiga rangi ya kijani kibichi iliyobaki kwenye lori la mtu. Watu walimtania mzee kwamba anaendesha mgomba. Naye hakukasirika, alipiga kengele na kupita.

Ilikuwa kipindi cha mvua. Jioni moja mzee wangu akawa anarudi na kiroba cha mpunga nyuma... Gari likamgonga. Likamwacha pale pale kwenye matope, likaenda zake. Wasamaria wema walimwokota wakamkimbiza hospitali. Kulipopambazuka, habari ilipotufikia nyumbani, alikuwa ameshatutoka.

Jamani, mtu huyo aliyeona binadamu ameanguka akakanyaga mafuta, moyo wake ulikuwa wa nini?

Msiba ulikuwa mkubwa. Aliyenisaidia kuliko wote alikuwa mkwe wangu Lusajo, mume wa binti yangu Tumpe. Lusajo ni mfanyabiashara, anavusha bidhaa kati ya hapa na Malawi, ana pikapu ya silva. Alileta ng'ombe wa msiba. Alileta mchele. Na siku ya kuzika, jeneza la mume wangu lilitoka hospitali likiwa juu ya pikapu ile. Nilimshika mikono mbele ya watu wote nikamwambia, "Ndaga fijo, mwanangu."

Ndiyo, nilimshukuru! Kwa kinywa changu hiki!

Wakateremsha jeneza. Nikaegemea pikapu kwa mbele, kwenye madigadi, lile bati la juu ya tairi, nikaweka kiganja na uzito wangu wote, nikalia. Nilipoondoa mkono, ukawa umenata kidogo. Puani nikasikia harufu ninayoijua ya gereji... thina. Nikatazama. Kiganja changu kilikuwa kimejichora pale, vidole vyote, kwenye klia, ile vanishi ya juu ya rangi, ambayo haijakomaa.

Lusajo aliona nikitazama. Akawahi kusema kwamba aligonga ng'ombe kule njia ya Ngana. Nikafuta kiganja kwenye khanga. Mjane ana nafasi gani ya kuulizia magari?

Lakini moyo haukutulia. Gwakisa hakunikaribia msiba mzima. Alikaa na wanaume, kichwa chini, hali chakula. Nikajiambia ni uchungu wa baba yake.

Asubuhi ya siku ya kuanua tanga, nilitoka nje na ufagio. Pikapu ilikuwa imelala pale uani kwangu. Jua ndio kwanza linachomoza, limeipiga kwa ubavu... na mimi nilikuwa nimesimama ubavuni.

Usoni madigadi ile ilikuwa sawa na gari lote. Kwa ubavu ilikuwa na wekundu ndani yake, kama jicho la mtu aliyelia. Andakoti nyekundu chini ya silva! Na rangi ilikuwa imekatwa wima pale madigadi inapokutana na mlango. Haikuvushwa wala kupotezwa.

Gari la Lusajo halikupakwa rangi na mtu mwingine ila Gwakisa, na mwanangu hafanyi kazi ya namna ile. Labda awe anakimbizwa. Nani alikuwa anamkimbiza?

Nilimwita Gwakisa nyuma ya nyumba, kwenye miti ya kakao. Nikamuuliza kwa nini aliweka nyekundu. Akasema kijivu ilikuwa imekwisha. Nikamuuliza kwa nini hakusubiri ipatikane. Akawa anafuta mikono kwenye suruali, na mikono yake ilikuwa mikavu.

Ndipo akaanza kusema. Jioni ile ya mvua Lusajo alimfuata gereji, akamwambia kagonga ng'ombe, anataka gari kesho yake lisilo na alama. Gwakisa akaanza kunyoosha bati. Asubuhi, alipopiga msasa, ndani ya mkwaruzo akakuta rangi ya kijani.

"Ng'ombe gani ana rangi ya kijani?" nikamuuliza.

Akasema alidhani ni geti. Akaziba kwa puti, akapiga andakoti. Ndipo simu ikalia, akaambiwa baba hayupo tena na baiskeli imepondeka. Lusajo alikuwa amesimama hapo hapo. Wakatazamana.

"Andakoti ilikuwa haijakauka, mama," alisema.

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga silva."

Nilikaa chini kwenye majani. Nilihisi kama mzee ndiyo kwanza anagongwa, na safari hii mimi nimesimama naona!

Alilia. Alisema Lusajo alipiga magoti, akaapa kwamba katika mvua ile hakumtambua mtu aliyemgonga. Alisema Tumpe ni mjamzito, atabaki na watoto bila baba. Nikamwambia na yeye alikuwa na baba. Nikamwambia aende polisi kwa miguu yake, au niende mimi, na nikienda mimi nitasema mpaka rangi ya andakoti.

Alikwenda. Lakini alipita kwanza kwa dada yake kumuaga, na Lusajo alipata habari. Akavuka mto Songwe, akapotelea kwa ndugu zake upande wa Malawi. Mpaka leo hajarudi. Gwakisa kesi yake haijaisha. Tumpe alijifungua mtoto wa kiume akampa jina la babu yake, lakini sijawahi kumbeba. Alinitumia ujumbe kwamba nilifiwa mume, nikaona ni haki na yeye akose wake.

Nalala na hayo, naamka nayo. Nikisikia kengele ya baiskeli barabarani, nasimama mlangoni. Gari la silva likipita, namwaga nilichoshika.

Wasomaji wenzangu, mafundi na nyinyi mnaowapelekea mafundi magari, nawaomba kwa machozi ya mzazi. Mtu akikuletea bati lililobonyea na haraka mkononi, muulize amemwacha nani njiani. Na ukikuta rangi ngeni ndani ya mkwaruzo, weka msasa chini! Mwanangu alitaka kuokoa nyumba ya dada yake. Amezibomoa zote, yake, ya dada yake na yangu.

Pikapu ile ipo uani kwa polisi, majani yameota mpaka kwenye matairi. Askari wamenizoea. Siku za soko nikipita wananiruhusu. Silva imepauka, wekundu umetokeza wazi, lakini alama ya kiganja changu ingalipo, juu ya pale pale alipogongewa mzee wangu.

Naweka mkono. Bado unaenea.