Aliyeachwa Kisimani

Mchezo ule ulikuwa wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana kikombe cha chai kilimgandia Kasiani mkononi pale mtu mmoja wa ndani ya kompyuta, mwenye joho la kijivu, aliyesimama kando ya kisima, alipomsemesha Kinyiha, lugha ya kwao.

Maneno yalijipanga chini ya kioo, meupe, herufi moja baada ya nyingine, kama ya mtu asiye na haraka. Mmechelewa, yalisema. Mwenzako yuko wapi?

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limeshapanda juu ya mabati ya Tunduma, na kwa mbali malori yalikuwa yakipiga honi kwenye foleni ya mpakani. Kasiani alicheka peke yake. Halafu kicheko kikamkatika, kwa sababu alikumbuka kwamba zamani, alipokuwa mtoto, maneno kama yale hayakumshangaza hata kidogo.

Kompyuta ilikuwa ya marehemu baba yake Edson, ndugu ya Kasiani aliyekua naye; marehemu alikuwa mume wa Roda, mama mdogo wa Kasiani, na mnunuzi wa mahindi pale Mlowo. Aliinunua kwa Mzambia mmoja Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ikaja na mchezo ndani yake, akaiweka chumba cha nyuma ya ghala kwa ajili ya hesabu za biashara. Lakini waliokaa nayo zaidi ni Edson na Kasiani. Wakitoka shule walipanda juu ya magunia, bega kwa bega, kamusi ya Kiingereza katikati yao, wakiongoza wasafiri wawili waliowapa majina yao wenyewe. Walivuka misitu, wakaua majoka, wakagombania upanga mmoja mpaka wakanuniana siku nzima. Sasa Kasiani alikuwa mtu mzima, ameoa, amejenga, amepata kazi nzuri ya uwakala wa forodha, lakini akiulizwa alipokuwa na furaha kuliko popote, moyo wake ulikwenda moja kwa moja juu ya magunia yale.

Siku moja, katika safari zao, alitokea msafiri wa tatu akaomba kuambatana nao. Aliomba kwa Kinyiha, na wale watoto wakadhani kompyuta huzoea lugha ya nyumba inamokaa, kama mbwa anavyozoea. Wakamwita Mgeni. Walipofika kisimani wakamkuta mpiga mishale hodari, wakamtamani, na nafasi ilikuwa ya watu watatu tu. Basi wakamwamuru Mgeni abaki pale, awasubiri. Walikusudia kabisa kurudi. Kisha baba yake Edson akafariki, Edson akachukuliwa na ndugu wa Kitwe, Zambia, na kompyuta ikaviringishwa kwenye gunia ikapandishwa darini.

Sasa mama mdogo Roda alikuwa anahamia Kitwe kwa mwanawe, akawaita ndugu wachague vitu. Wengine walichukua makochi na friji. Kasiani alichukua kompyuta, na mkewe Jenista alimcheka mpaka akashika ukuta. Lakini iliwaka. Ilipopata moto ilipumua harufu ya ghala lile lile, ya mahindi makavu na dawa ya dumuzi, wadudu wa nafaka, na Kasiani aliivuta kifuani hadi machozi yakamlengalenga.

Baada ya maneno yale ya kisimani aliizima, akampigia Edson. Alimweleza kama utani. Edson hakucheka.

"Usimjibu," alisema kwa sauti ya chini. "Kasi, nakuomba. Izime, uirudishe ilikotoka."

"Ni mchezo tu, ndugu yangu."

"Mchezo ulioandikwa na nani, uwe na Kinyiha ndani?"

Kasiani alimwahidi hataiwasha tena, na alipoahidi alikuwa mkweli. Lakini Jumapili, walipotoka misani, nyumba ikiwa imetulia na Jenista yuko uani akichambua mboga, hamu ilimshika kama njaa. Alijiambia hatakwenda upande wa kisima. Atapita msituni tu, asikilize muziki kidogo. Akapita msituni, muziki ukamrudisha utotoni, na hakuona saa zinavyokwenda mpaka alipokumbuka kwamba hajapiga pasi shati la kesho. Akainuka, akaiacha kompyuta ikinguruma taratibu pale sebuleni.

Alikuwa chumbani na pasi mkononi aliposikia vidole vinagonga herufi. Ni binti yake Atupele, wa darasa la kwanza, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa amejifunza herufi juzi juzi na sasa akiziandika kila mahali, hata vumbini.

"Baba," aliita, "jina langu linaandikwaje?"

Kasiani alifurahi. Akamtajia kutoka chumbani, herufi moja moja, na baada ya kila herufi akasikia kidole kinagonga. A. T. U. P. E. L. Ile E ya mwisho ilipogongwa, mngurumo wa kompyuta ulikatika ghafla, na harufu ya mahindi makavu na dawa ikapita mlangoni, nzito, mpaka ikamkereketa koo.

"Nani kakuuliza jina, mama?"

Akatoka. Atupele alikuwa amekaa kwenye kiti, mgongo wazi kwake, mbele ya kioo cheusi. Aligeuka polepole, akamtazama baba yake kuanzia miguuni hadi kichwani, akatabasamu, akasema asante.

Alisema kwa Kinyiha. Atupele hakujua Kinyiha. Mama yake alikuwa Mnamwanga wa Momba, na humo ndani walizungumza Kiswahili tangu azaliwe.

Kwanza mtoto alikwenda jikoni akanywa jagi zima la maji bila kupumzika. Kisha akachota kwenye ndoo, kikombe juu ya kikombe, na Jenista alipoingia na ungo wa mboga alimkuta ameinama, ameingiza uso wote ndani ya ndoo, anakunywa kama ng'ombe aliyetoka mbali. Alipomvuta, mtoto alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Hakulia. Alizunguka nyumba akigusa vitu, kiti, pazia, ukuta, akivisugua kwa kiganja, na kila alipopata kiti alikaa, akainuka, akakaa tena, akicheka kicheko kinene cha mtu mzima aliyetua mzigo. Na jioni, taa zilipowashwa, walipodhani labda ni homa na Jenista akamkumbatia kitandani ili alale, alimwegemea mama yake sikioni na kumnong'oneza maneno marefu, laini, ya heshima kabisa, na Jenista, ambaye hakuelewa hata moja, alijivuta nyuma, kwa sababu pumzi iliyomgusa shavuni ilikuwa baridi kama inayotoka shimoni, na ndani ya pumzi ile kulikuwa na harufu ya mahindi yaliyofungiwa miaka mingi.

"Anasema nini?" alimuuliza mumewe, kwa sauti iliyokuwa karibu haisikiki.

"Anasema amesimama sana. Anashukuru kwa kupewa pa kukaa."

Asubuhi hawakwenda kazini. Jenista alimwita Mama Tupokigwe, kiongozi wa kikundi chao cha maombi, mwanamke mfupi muuza mitumba wa mji mdogo wa Mpemba, jirani na Tunduma, ambaye watu walimfuata kwa mambo yasiyotibika hospitalini. Alikuja mchana na wenzake wawili, akavua viatu mlangoni, akasimama akinusa hewa. Hakuuliza maswali mengi. Alimkalisha mtoto mkekani, akamshika kichwa, wakaanza kuomba.

Waliomba mpaka sauti zikakauka. Mabati ya nyumba yalianza kulia, ingawa nje hapakuwa na upepo. Mtoto alikaa tuli, akiwatazama kwa subira, kama mkubwa anayesubiri watoto wamalize kelele. Mama Tupokigwe alipomwamuru atoke, alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile nyembamba ya Atupele, na hilo liliwatisha zaidi kuliko kama angenguruma.

"Sikuingia kwa nguvu," alisema. "Baba yake alinifungulia. Alitaja herufi zote."

Kasiani aliangukia magoti. Mama Tupokigwe hakumtazama. Aliongeza sauti, na wenzake wakaongeza, na jasho likawa linawatiririka wote, na mabati yakalia kama yanayong'olewa misumari, mpaka mtoto akapinda mgongo, akafumbua mdomo, na maji yakaanza kutoka, maji meusi yenye makapi ya mahindi, mengi kuliko tumbo dogo lile lingeweza kubeba, yakatiririka mkekani, yakapita sakafuni, yakafika kizingitini na kutoka nje kana kwamba yanajua njia, na mbwa wa jirani, aliyekuwa amelala kivulini, aliruka ukuta akakimbia.

Mabati yakatulia. Harufu ilikuwa imekwisha. Atupele alilala chali, anapumua vizuri, macho wazi. Jenista alimwita. Akamtikisa, akamwita tena, akampigapiga mashavu. Macho yale hayakumfuata. Yalikuwa kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.

Mama Tupokigwe alimwinamia kwa muda, kisha akakaa chini, amechoka, na kwa mara ya kwanza hofu ikaonekana usoni mwake.

"Aliyeingia ametoka," alinong'ona. "Lakini mwenyewe hayumo. Mmempeleka wapi mtoto?"

Kasiani alijua. Alikwenda kwenye kompyuta, na kabla hajagusa swichi ikawaka yenyewe. Msitu. Njia. Kisima. Mpiga mishale hakuwepo tena. Waliobaki njiani ni wasafiri wawili tu, Edson na Kasiani. Na kando ya kisima, pale alipokuwa akisimama Mgeni, kulikuwa na umbo dogo la kike, limevaa gauni la misa ya jana, likiyumba taratibu kushoto na kulia kama wanavyoyumba wote walioamriwa kusubiri. Juu ya kichwa chake pameandikwa jina, herufi zile zile alizozitaja.

Jenista alikuwa amekuja nyuma yake. Alipoona gauni alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kasiani aliliamuru lile umbo limfuate. Maneno yakatoka chini ya kioo, kwa Kinyiha: kisima hakiachwi kitupu. Abaki nani? Chini yake yakaja majina mawili.

Kidole chake kilikwenda kwenye la Edson. Edson alikuwa mbali, Kitwe, na lile lilikuwa jina tu, picha ya mtu mwenye upanga aliyechorwa na watu wasiomjua. Alikaribia kubonyeza. Ndipo akafikiri kwamba hata jina la Atupele, jana mchana, lilikuwa herufi tu.

"Baba Atupele," Jenista alisema taratibu, akiwa amemshika bega, "ukibonyeza hilo lako, wewe itakuwaje?"

"Sijui."

"Mimi nitabaki na nani?"

"Na mwanao," alisema Kasiani, akabonyeza jina lake.

Mkekani Atupele alikohoa. Akaketi, akamwita mama yake kwa sauti ya usingizi, akasema ana njaa. Jenista alimkimbilia akambeba, akaanguka naye chini huku analia, na wale wanawake wakaanza kuimba. Kasiani aligusa kifua chake, akagusa uso. Alikuwa mzima. Kioo kilikuwa kimekufa, moshi mwembamba unatoka nyuma yake. Jioni ile ile waliivunja kwa nyundo kabla ya chakula, na Mama Tupokigwe akasimamia mpaka vipande vikafukiwa.

Kwa wiki kadhaa nyumba ilikuwa na amani. Kasiani alirudi mpakani kwenye kazi zake, mtoto alirudi shule. Kisha Edson akaja kutoka Kitwe kumchukua mama yake, akapita Tunduma kuwasalimia.

"Mulishani, mulamu," alimsalimu shemeji yake Jenista kwa Kibemba chake, akamkumbatia Kasiani kwa nguvu. Walikaa uani wakanywa soda, na Edson akaanza ya Mlowo: magunia, kamusi, siku walipogombania upanga. Kasiani alisikiliza akitabasamu kwa adabu. Akatingisha kichwa panapostahili. Mwishowe akauliza, kwa upole, kama mtu anayemuuliza abiria mwenzake kwenye basi: "Kwani mimi niliwahi kukaa Mlowo?"

Edson aliweka chupa chini. Alimtazama Jenista, na Jenista akainamisha uso. Alikuwa ameshaliona. Shule ya msingi, mto aliojifunzia kuogelea, sauti ya babu yake, vyote vilikuwa vimefutika. Mumewe alikumbuka tangu ujana wake na kuendelea. Nyuma ya hapo palikuwa peupe, na hakuonekana kuumia, kwani hakujua alichopoteza.

Atupele, aliyekuwa amekaa kati ya magoti ya mama yake akisukwa nywele, aliinua uso.

"Baba, yule kaka utamfuata lini?"

"Kaka yupi?"

"Aliyenishika mkono kule, akasema nenda, mimi nitasimama. Amevaa kaptula ya kaki na goti lake lina kidonda. Alikuwa analia kidogo." Alifikiri. "Ameniambia anaitwa kama wewe. Amesema nikuulize kama utarudi kumchukua."

Mikono ya Jenista ilisimama kwenye nywele. Edson aligeuza uso ukutani.

Kasiani aliinama akamtazama mwanawe machoni, kwa huruma ya mtu mwema anayesikia habari ya mtoto wa watu aliyepotea.

"Maskini," alisema. "Ni mtoto wa nani huyo?"