Mchumba wa Sikio la Kushoto

"Nitakuacha," mchumba wake alimnong'oneza, na msichana akatabasamu.

Walikuwa kwenye kantini ya chuo, wamekaa bega kwa bega. Kijana alisogea zaidi, mdomo ukagusa sikio la kushoto.

"Nina mwingine. Nitakuacha."

Msichana akatabasamu tena, akanywa chai yake. Hapo kijana akajitenga, akapiga kofi moja la ushindi.

"Nilijua. Hilo sikio ni pambo."

"Unasema nini?"

"Nimekuambia mara mbili nakuacha, nikasema nina mwingine, umechekelea kama mtu aliyepewa zawadi. Tangu lini husikii upande huu?"

Kikombe kilitua mezani. Miaka miwili alikuwa akisomea utengenezaji wa sauti za filamu, redio na michezo ya kompyuta, na siri hiyo haikuwa imemtoka. Wenzake walimwita Shingo, kwa kuwa kila akisikiliza aliikunja shingo ili sikio la kulia litangulie. Walidhani ni maringo. Mchumba wake walimwita Kiranja, na alikuwa kiranja kweli, mwenye shati lililopigwa pasi na majibu yaliyopigwa pasi.

"Tangu nina miaka sita," Shingo alisema. "Matubwitubwi."

"Na unasomea sauti."

"Nasomea sauti."

"Sasa tuongee kama watu wazima. Redio inamchukua mmoja tu, mimi au wewe, na Ijumaa tunasikilizwa. Jitoe. Mwenye sikio moja atapangaje sauti kushoto na kulia? Nikipata kazi nakuoa, unakula, unalala. Unataka nini tena?"

"Nataka kazi."

"Basi usinilaumu."

Kesho yake asubuhi Mwalimu alimwita ofisini. Alikuwa mama wa makamo asiyecheka ovyo.

"Funga mlango. Kiranja ameniletea barua. Anasema una sikio moja. Kweli?"

"Kweli, Mwalimu."

"Kwa nini ulificha?"

"Ningesema, mngenipokea?"

"Sijui. Na hilo linanikera kuliko barua yenyewe." Mwalimu akaitupa barua kwenye droo. "Ijumaa tunapima kazi, hatupimi masikio. Lakini ukiboronga nitasema umeboronga. Sitakuonea huruma."

"Sihitaji huruma. Nahitaji studio siku mbili."

"Chukua."

Akitoka tu, simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa shangazi yake aliyemlea.

"Mwanangu, mchumba amenipigia. Eti unashindana naye. Mwanamume akishindwa na mke, hata chakula hakipiti kooni. Fikiri."

Akajibu: "Shangazi, chakula kisipopita atakunywa uji. Mimi siachi."

Jibu likaja upesi: "Mdomo huo ni wa baba yako."

Mwisho wa korido palikuwa na karakana, na ndani yake Fundi, kijana mpole aliyetengeneza vifaa vya chuo. Shingo aliingia, akakaa juu ya spika mbovu.

"Fundi, na wewe umesikia?"

"Chuo kizima kimesikia. Ila mimi nilijua tangu mwaka wa kwanza."

"Nani alikuambia?"

Fundi alichukua mezani headifoni za Shingo, zilizoletwa kutengenezwa, akaziinua. "Hizi. Nimezibadilisha sponji mara tatu, na mara zote ni la kulia. La kushoto bado jipya kama siku ya kununuliwa."

"Na hukumwambia mtu?"

"Daktari hatangazi wagonjwa wake. Na mimi nina heshima yangu."

Shingo akacheka, mara ya kwanza tangu kantini.

"Basi niazime miguu," alisema.

Mtihani ulikuwa mmoja kwa wote wawili. Walipewa sauti za waigizaji zilizokwisha kurekodiwa: mke yuko ndani, mvua inanyesha, mume aliyepotea miaka mitatu anarudi. Kilichobaki, yaani mvua, nyayo, mlango na chumba, kila mtu ajitengenezee.

"Kiranja ataizungusha mvua studio nzima," Shingo alisema akishika kinasa sauti. "Mimi siwezi kuizungusha. Lakini mbali na karibu nasikia kuliko wao wote, maana ndivyo nilivyoishi. Anzia kule mwisho. Tembea kama mume aliyechelewa miaka mitatu."

"Huyo anatembeaje? Mimi sijawahi kuchelewa hivyo."

"Jipime mwenyewe."

Fundi akatembea. Alianza kwa haraka, kisha miguu ikawa mizito. Alipofika mlangoni alisimama. Akarudi nyuma hatua moja, akavuta pumzi, ndipo akagonga mara moja kwa kifundo cha kidole.

Shingo alisahau kuzima kinasa sauti.

"Imetosha?" Fundi aliuliza.

"Imetosha. Mbona ulirudi nyuma?"

"Niliogopa hutafungua."

"Mimi?"

"Yule mke. Wa kwenye mchezo," Fundi alisema, akaanza kukunja nyaya zilizokwisha kukunjwa.

Ijumaa saa nne, mkurugenzi wa vipindi kutoka redioni aliketi studio kubwa kando ya Mwalimu. Wanafunzi walijaa mpaka ukutani, na Fundi alisimama kwenye mitambo. Kazi ya Kiranja ilitangulia. Mvua ilizunguka chumba, radi ikapita juu ya vichwa, sauti ya mke ikawafunika kama shuka. Watu wakapiga makofi.

Ikafuata ya Shingo. Mvua yake ilikaa palepale, juu ya bati moja.

"Inaeleweka," Kiranja alisema, akigusa sikio lake. "Ni tatizo la vifaa."

Wengine wakacheka. Mkurugenzi hakucheka.

"Studio yenu ni nzuri," alisema. "Bahati mbaya wasikilizaji wangu hawaishi humu." Akatoa mkobani redio ndogo ya spika moja. "Wananisikiliza wakiosha vyombo, wakinyoa wateja, wakilinda mageti. Fundi, unganisha hapa. Tuanze tena na Kiranja."

Mvua ikanyesha. Radi ikapiga. Nyayo zikaja. Mke akatakiwa kusema, na hakuna kilichosikika ila mkwaruzo mwembamba, kama mtu anayesemea ndani ya gunia.

"Mke yuko wapi?" mkurugenzi aliuliza.

"Yupo, mzee. Ni waya tu."

"Waya ni mzima," Fundi alisema.

Mkurugenzi akageuka. "Binti, mke amekwenda wapi?"

"Hajatoka, mzee. Ili sauti yake ionekane pana, imegeuzwa upande mmoja kinyume cha mwingine. Kwenye spika mbili inapendeza. Kwenye moja pande hizo zinakutana na kufutana. Ni kama watu wawili kwenye mlango, huyu anasukuma ndani, yule anasukuma nje. Mlango hausogei."

"Ulijuaje?"

"Mimi nasikilizia spika moja tangu nina miaka sita."

Darasa likacheka, na safari hii lilicheka pamoja naye. Kazi yake ikapigwa kwenye redio ileile. Nyayo zikatoka mbali kabisa, zikasogea, zikawa nzito, zikasimama. Hatua moja ikarudi nyuma. Mwanafunzi mmoja akasema taratibu, "Mfungulie bwana, mama wee." Ukagongwa mlango, na sauti ya mke ikatoka safi, kama amekaa nao.

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta.

"Jumatatu saa mbili asubuhi uje na kitambulisho."

"Hakuboronga," Mwalimu alisema, na kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Kiranja alimfuata koridoni. "Mpenzi, tusahau. Yale ya kantini yalikuwa utani."

"Na barua kwa Mwalimu?"

"Nilitaka kukulinda usiaibike."

"Na huyo mwingine?"

Kiranja alitazama viatu vyake. "Nilisema tu."

"Ulisema ukijua sisikii. Hapo ndipo mtu husema kweli." Akavua pete. "Shika. Ilinibana tangu siku ya kwanza, nikadhani kidole changu ndicho kinene."

Kisha akaenda zake karakana. Fundi alikuwa ameinamia redio, chuma cha kulehemu mkononi.

"Redioni watanipa msaidizi," Shingo alisema.

"Hongera. Unastahili."

"Msaidizi nitampata hukohuko. Mume ndiye ninayemtaka kutoka hapa."

Chuma kikagusa kidole. Fundi hata hakulalamika.

"Unanitania?"

"Nina kazi, nina akili timamu, na nimekaa nikikisikiliza kidole chako kikigonga mlango siku mbili mfululizo. Unanijibu au nirudi Jumatatu?"

"Usirudi Jumatatu," Fundi alisema. "Baki."

Simu ikaita. Shangazi.

"Mwanangu, Kiranja amenipigia simu analia. Eti umemrudishia pete."

"Nimerudisha. Nimepata kazi, shangazi. Na mchumba."

"Siku moja? Wa kazi gani huyo?"

"Anatengeneza vilivyoharibika."

"Anaweza feni?"

"Anaweza."

"Mlete kesho. Nitamtazama anavyoshika bisibisi, mwanamume mvivu hujulikana hapo."

Feni ilizunguka kabla chai haijapoa. Miezi minne baadaye wakaoana mchana wa Jumamosi, mkurugenzi akiwa meza ya mbele na Mwalimu pembeni yake. Mchezo wa Shingo ulikuwa umeshaanza kurushwa, na wageni walimsimamisha bibi harusi kila hatua wakitaka kujua kama yule mume atasamehewa. Hakuwaambia. Alimshika Fundi mkono, akapita katikati ya ukumbi kichwa kikiwa juu, na shangazi akacheza mpaka akavua viatu.