Sahani Mbili na Pikipiki ya Tano

"Nne," Fanwell, msimamizi wa mbio, alisema, akahesabu tena utadhani zingeongezeka. "Bila pikipiki ya tano hakuna mashindano. Sheria ndiyo hiyo."

Noëlla alisimama kwenye lami ya Nchelenge, mji wa ukingoni mwa ziwa, spana mkononi, oili hadi kwenye viwiko. Miaka mitatu nyuma mstari huu wa kuanzia ulikuwa na pikipiki kumi na sita, na madereva walilipwa mshahara kabisa. Leo bei ya tairi la mbio inatia kizunguzungu, petroli ndiyo usiseme, wafadhili kimya, na nafasi zilizochorwa kwa chokaa zimeachiwa mbuzi. Mbio za leo zikifutwa, ubingwa wa ziwa umekufa, na fundi kama yeye atarudi kuziba pancha za baiskeli za wachuuzi wa samaki.

Na huyo wa tano aliyekosekana alikuwa Mubanga wake. Mpenzi wake wa miaka miwili, jamani.

Alimpigia mara sita. Badala ya kupokea, Mubanga akatuma meseji:

"Mumerudisha sahani. Nimeelewa. Pikipiki nauzia mutu wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, boti inatoka saa ine. Baki salama."

"Sahani gani tena?" Noëlla alijiuliza kwa sauti. Juzi waligombana kuhusu tairi, si sahani. Alikuta tairi la nyuma limeisha kama kandambili kuukuu, akauliza pesa ya jipya imeenda wapi. Mubanga akacheka tu, akasema bei imepanda.

Kaoma, mpinzani mkubwa wa Mubanga, alisikia akavua helmeti.

"Ba Noëlla, kwenu hakufika muzee na sahani mbili, moja inafunika ingine?"

"Sijue. Siku zote niko huku."

"Uliza mama. Siye Babemba tunaposa hivyo. Sahani zikibaki kwenu, mumekubali. Zikirudi, mumekataa."

Noëlla akampigia mama yake, Mama Cadette, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Mantapala.

"Mama, kuko muzee alileta sahani?"

"Ndiyo, Alhamisi. Muzee Bwembya, mutu wa heshima sana. Alisema Kibemba kirefu, mi najibu tu 'ee mukwai', ndiyo muzee, si njo neno moja nalijua. Akaacha sahani mbili za mupya, akaenda. Hata falanga, pesa zake, alisahau mule ndani."

"Ukafanya nini?"

"Nilizisafisha. Falanga nikafunga kwa kitambaa, nikajaza sahani karanga, sababu haturudishake sahani bule, bila kitu, nikatuma mudogo wako Dédé apeleke. Ao batu baseme Bakongomani banaiba sahani?"

"Mama, ile ilikuwa posa."

"Posa ya nani?"

"Yangu. Ya Mubanga."

"Yesu wangu," Mama Cadette akasema taratibu. "Na karanga nilitia chumvi mingi."

Kaoma alishawasha pikipiki. "Panda nyuma."

"Utamaliza petroli yako ya mbio."

"Mbio zikifutwa, hii petroli nitapikia nyama? Panda."

Ufukweni, gurudumu la mbele lilikuwa tayari ndani ya boti. Mubanga ameshika kiti, macho mekundu.

"Mubanga, shusha hiyo pikipiki."

"Noëlla, niache. Mama yako alikataa."

"Mama aliosha sahani."

"Ati?"

"Aliosha. Kwetu mutu akikuletea kitu kwa sahani, unaosha, unatia kitu kingine, unarudisha. Falanga alizani muzee amesahau. Kibemba hajue."

Mubanga alikaa kwenye ukingo wa boti.

"Mwandi, kweli, nikashangaa, batu banakataa na karanga juu. Nilizikula zote nikilia."

"Na falanga ya tairi?"

"Njo ilinunua sahani, na ingine njo ile ilikuwa ndani. Tairi limepanda, singeweza vyote viwili. Nikachagua wewe."

Noëlla alitaka kumfokea kama fundi anavyomfokea dereva. Badala yake akamshika uso kwa mikono yake ya oili.

"Nakupenda, mujinga wewe. Lakini kwa lile tairi hauendi fasi yoyote."

"Chukua langu la akiba," Kaoma akasema. "Limetumika, ila meno bado liko nayo. Mi siwezi kuwa bingwa wa barabara tupu."

Mtu wa Kilwa akarudishiwa pesa yake, akanung'unika kidogo, kisha akawafuata kutazama mbio.

Noëlla alifunga tairi huku Fanwell akiangalia saa kila dakika. Pikipiki zikawa tano. Kaoma alishinda. Mubanga alimaliza wa tano, mikono juu, akishangiliwa kuliko mshindi.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Bwembya, mshenga wa Mubanga, alirudi Mantapala na sahani zilezile. Safari hii Noëlla alikaa katikati akitafsiri, aibu zimemjaa, furaha pia. Mama Cadette alizipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akazifungia kwenye sanduku la chuma, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge. Mgeni akaletewa bukari, yaani ugali, na samaki kwenye bakuli la plastiki lililopasuka.

"Mama," Noëlla akamtania, "haukuziosha."

"Zijae vumbi," Mama Cadette akajibu, akipapasa pindo. "Mule hazitoke tena."