Amri Chini ya Kifuniko cha Soda

"Chengo, Jumatatu naripoti shule mpya Bura. Nijibu basi!"

"Ngoja kidogo, Kanze. Hii meli ikigeuka nusu, bado inafika hapa?"

Kanze alitamani kuipindua meza yote. Mtu unamuuliza habari ya maisha yenu, yeye anapima na rula!

Chengo alikuwa fundi simu hapo Garsen, ila nusu ya akili yake ilikaa angani. Akitazama filamu za vita vya anga huisimamisha picha, akaipima meli ya angani, akaichonga kutoka soli ya champali kuukuu, kisha akaiandikia sheria za mchezo daftarini: kasi yake, silaha zake, inavyogeuka. Kwa miaka miwili Kanze, mwalimu wa shule ya Minjila, ndiye aliyecheza naye kujaribu kila sheria. Mapenzi yao yalizaliwa juu ya meza hiyo.

Sheria moja tu iliwagombanisha. Katika filamu aliyoipenda Kanze, meli kuu ilikaidi amri ya kusonga mbele, ikarudi kuwachukua wenzake. Kanze alitaka mchezo nao uruhusu hivyo. Chengo alikataa katakata. Kila mchezaji huandika amri yake kwenye kikaratasi, akaifunika kwa kifuniko cha soda, wakafunua pamoja. Iliyoandikwa haifutwi.

Simu ya Chengo ikalia mezani. Macho ya Kanze yakauwahi ujumbe:

"Chumba kiko tayari. Uje Jumamosi kama tulivyoongea. Hope."

Moyo ukamlipuka paa!

"Hope ni nani?"

Chengo akaifudikiza simu haraka, jasho likimtoka.

"Mteja tu."

"Mteja anakupa chumba?"

"Kanze, nikisema kwa mdomo nitababaika, si unanijua? Tuandike kama amri. Wewe yako, mimi yangu."

"Kwani mimi ni meli?"

"Tafadhali."

Kanze aliikandamiza kalamu hata ikatoboa karatasi. Bora aachane naye mwenyewe kuliko kungoja kuachwa. Aliandika neno moja, akalifunika.

"Moja, mbili, tatu."

Wakafunua.

Cha Chengo kilisema: "Nahamia Bura na wewe. Nataka nikuoe."

Cha Kanze kilisema: "Tuachane."

Fundi wa watu akakisoma mara mbili, kama hajui kusoma.

"Hope ni mama mwenye ploti ya vyumba vya kupanga kule Bura," alisema polepole. "Ana wajukuu sita. Nilitaka ufike ukute chumba kimeshapakwa rangi."

"Sasa mbona ulisema mteja?"

"Niliogopa utanikataza nisikufuate."

Kanze akakirukia kikaratasi chake akichane. Chengo akakiwekea kiganja juu.

"Iliyoandikwa haifutwi, Kanze."

"Usinifanyie hivyo! Niliandika kwa woga, Chengo. Niliona chumba, nikaona jina la mwanamke, nikachanganyikiwa. Nakupenda, wewe mtu!"

Chengo akaivuta kalamu. Akalifungua daftari, akainama, akaanza kuandika. Kanze alitazama kalamu ikienda. Jina lake lilikuwa kwenye jalada, pembeni ya la Chengo. Atalikata? Anaandika nini kirefu hivyo?

Hatimaye daftari likasukumwa upande wake.

"Sheria ya thelathini na moja: Meli inaweza kuikaidi amri yake, mara moja tu katika mchezo, ikiwa inarudi kumchukua mwenzake."

Machozi yakamtoka Kanze bila aibu. Akaishika meli yake ya champali, akairudisha kuvuka meza nzima mpaka ikagusana na ya Chengo.

"Hujapima," Chengo alisema.

"Nyamaza! Narudi."

"Ujue umeshaitumia. Nyingine hupati."

"Siitaki nyingine. Wapigie wazee wenu simu. Kibuyu cha mnazi cha posa kiwe kimefika kwa baba yangu kabla ya Jumatatu."

Chengo akaigeuza ile simu, akaanza kutafuta namba ya baba yake.