Kibao Kilichobandikwa Mlangoni

Asubuhi ile nyumbani kwetu palikuwa na utulivu. Mke wangu, ambaye uzee ulimpokonya macho, alijipigia pasi gauni lake kwa kupapasa mishono, akakataa katakata nimshike mkono. Alikuwa amejifunza kusoma nukta nundu kwa vidole ili asiongozwe kama mtoto, na siku hiyo alikwenda peke yake kufuata kitambulisho katika jengo jipya la halmashauri. Msimamizi wa jengo hilo ni kifungua mimba wetu, ambaye, jamaa zangu, sikuacha kumtaja kwa fahari kila nilipopata wasikilizaji.

Kanuni zilimtaka aweke vibao vya nukta nundu ukutani, kando ya mlango, upande wa kitasa. Alizijua. Lakini ukuta ulikuwa wa marumaru, naye hakutaka utobolewe. Akaamuru vibao vibandikwe kwenye milango yenyewe, akitania kwamba asiyeona hatalalamikia mahali.

Mama yake akafika, akaupapasa mlango, akasogea hadi uso wake ukakaribia kugusa ubao, akaanza kusoma kibao kwa vidole. Ghafla mlango ukasukumwa kutoka ndani. Ukampiga mdomoni, akaanguka. Aliyeusukuma alikuwa mwanawe, akiwasindikiza wageni wa heshima.

Mmoja wao, aliyemfahamu, akacheka akisema kwamba mama mzazi amekuja kukagua kazi. Mwanangu akaona haya. Nasikitika kusema kwamba aliona haya kwa ajili yake mwenyewe.

“Mama, umefikia kusikiliza mazungumzo ya watu mlangoni?”

Mke wangu akafuta damu kwa upande wa khanga.

“Sikuwa nasikiliza, baba. Nilikuwa nasoma. Si hapa ndipo mlipoandika?”



Jioni mwanangu alinisimulia yote hayo akiwa amesimama, kiti alikikataa. Tangu siku hiyo vibao vimekwisha kuhamishiwa ukutani, na marumaru imetobolewa. Mdomo wa mke wangu umepona. Lakini sasa akifika penye mlango wowote husimama mbali, mikono ameikunja kifuani, akaniomba nimsomee. Nami watu wakiniuliza habari za mwanangu, huwauliza habari za watoto wao.

Mafunzo

Enyi mliokabidhiwa majengo ya umma, kanuni ya kibao imewekwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Mkiipindisha ili kulinda uzuri wa ukuta, mnamwumiza mwenzenu, kisha mnamdhania mabaya kwa kusimama palepale mlipomwelekeza.